Nimepandishwa cheo, wenzangu wamenuna: nidai kazi au nihurumie?

"Shikamoo mama. Nina miaka 31, naishi Mtwara mjini, nafanya kazi kiwanda cha kubangua korosho. Tangu Machi nimekuwa msimamizi wa chumba cha kuchambua na kufungasha. Nina watu kumi na moja, karibu wote wanawake, na miaka sita nimekaa nao meza moja. Kuna mwenzangu mmoja, hakuna anayemfikia kwa mkono. Mume wake amelazwa hospitali ya Ligula, huu mwezi wa pili. Anachelewa, anasinzia, trei zake zinatoka zimechanganyika, vipande ndani ya nzima. Nilimwonea huruma, sikumwambia kitu. Jioni wote wakiondoka mimi nabaki narudia trei zake. Wengine wakaanza kununa. Mwezi uliopita mzigo ulirudishwa na watu wa ubora, meneja akaniambia nina moyo laini, sifai kuongoza. Kesho yake nikamfokea yule dada mbele ya wote mpaka akalia. Tangu siku hiyo hawanisemeshi, nikiingia chumba kinakuwa kama msibani. Halafu yupo mama mmoja mtu mzima, ndiye aliyenicheza unyago. Kazi yake taratibu mno na ina makosa. Nikimgusia anacheka: 'Wewe mtoto nimekucheza mimi, leo unanifundisha kazi?' Chumba kizima kinacheka naye. Mama, mtu anaweza kuwa na huruma na bado akadai kazi nzuri, au lazima nichague moja?"

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho limerudi palepale, kwenye zile trei unazozirudia jioni peke yako. Nitafika huko. Kwanza nikueleze nilivyokuelewa.

Unavutwa huku na huku. Ukidai kazi, watasema umepanda cheo ukawasahau, tena unambana mtu mwenye mgonjwa hospitali. Ukinyamaza, mzigo unarudishwa na cheo chenyewe kinakuponyoka. Ukajaribu kunyamaza, ikashindikana. Ukajaribu kufoka, ikaharibika zaidi. Sasa unaona kilichobaki ni kuamua uwe mtu wa namna gani, mpole au mkali. Mimi naona mara zote mbili ulifanya jambo moja: hukuzungumza naye. Mara ya kwanza ulinyamaza, mara ya pili ulifoka, na mpaka leo yule dada hajasikia kutoka kinywani mwako, kwa utulivu, trei zake zina kasoro gani na wewe unataka nini.

Meneja wako naye, nadhani, anaamini jambo ambalo watu wengi wanaliamini: kwamba huruma na kazi ni sahani mbili za mizani moja, huku kukipanda kule kunashuka. Ngoja nikupeleke kwenye mizani unayoifahamu zaidi.

Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, ilipoanza huku kwetu mwaka 2007, nilikuwa na kaka yangu mkulima, nikawa namsindikiza chama cha msingi msimu ukifika. Nimeona makarani wa aina mbili. Wa kwanza alisifiwa kijiji kizima kwa roho nzuri. Bibi mjane akileta korosho ambazo hazijakauka, anampimia tu, "mwacheni bibi wa watu". Lakini unajua korosho za chama zinakusanywa pamoja na kupelekwa mnadani kwa mkupuo. Zile mbichi zikikaa kwenye gunia zinashika ukungu, zinaharibu na jirani zake. Mzigo ukifika ghala kuu, wanapima unyevu, unashushwa daraja. Malipo yakija ni kidogo kwa wote, na bibi yule akiwemo. Hapo hakuna aliyemsifu karani tena.

Wa pili alikuwa hacheki ovyo. Anachukua korosho tatu nne, anazitikisa sikioni, zisipolia anazirudisha. Ila ofisini kwake kulikuwa na turubai. Nilimsikia akimwambia mama mmoja: "Mama, hizi bado. Turubai hili hapa, anika uwanjani, kijana wangu atakugeuzia. Keshokutwa nakupimia wewe wa kwanza, hupangi foleni." Kipimo chake hakikusogea hata kidogo. Kilichotolewa kwa mama yule ni turubai, kijana wa kugeuza, na nafasi ya mbele kwenye foleni.

Jibu langu kwako lote limo humo. Ubora wa korosho inayotoka chumbani kwako usiuguse. Unachoweza kukigusa ni saa ya kuingia, meza ya kukaa, mtu wa kukaa naye, hata idadi ya kilo kwa siku kwa muda mliokubaliana. Wewe ulifanya kinyume. Uliacha kila kitu cha yule dada kama kilivyo, saa ileile, meza ileile, kilo zilezile, ukalegeza kipimo chenyewe kimyakimya. Ulimnyima turubai, ukampimia korosho mbichi.

Sasa nikueleze kwa nini kimya kinaumiza, maana najua ulikifanya kwa nia njema.

Mtu aliyechambua korosho miaka sita anaijua trei yake. Jioni anaondoka akijua ameacha uchafu, asubuhi anasikia trei zote zimepita. Unadhani anawaza nini? Ama hakuna anayeangalia tena, ama watu wameshamwona amekwisha na wanamficha. Mtu mwenye shida kimya hukisoma kwa upande mbaya. Ana mgonjwa, hana usingizi, hana hela, na juu yake anabeba hofu kwamba kazini wanajua na wanamngoja akosee mara ya mwisho.

Wale kumi wengine nao wanaona. Kununa kwao usikuchukulie kuwa ni roho mbaya. Hawa ndio hao hao wanaochangishana msibani na kupika zamu kwa zamu nyumba yenye mgonjwa. Kinachowaudhi ni kutojua kama kipimo bado kipo. Kwa nini mimi nihangaike kutenga vipande vyangu kama vya fulani vinapita?

Na wewe mwenyewe umechoka. Ukali ule wa siku moja haukuanzia kwa meneja. Ulikuwa umekusanywa trei kwa trei, jioni kwa jioni, na meneja akaja kufungua mlango tu. Anayesaidia bila kusema huwa anaandika deni ambalo mwenzake hajui kama anadaiwa, na siku ya kulidai hudai kwa sauti.

Nitasema neno gumu sasa, na sikusemi wewe peke yako kwa sababu nimelifanya. Nilipokuwa kijana, afisa utumishi katika ofisi moja Lindi, chini yangu kulikuwa na karani wa masijala. Mtoto wake alikuwa na selimundu, kila mara yuko hospitali. Mafaili yalikuwa hayaonekani, barua zinajibiwa baada ya mwezi. Mimi nikawa naingia masijala Jumamosi, napanga mwenyewe, narudi nyumbani najiona mtu mwema. Ikawa miezi tisa. Akaja mkuu mpya, hakujua habari ya mtoto wala Jumamosi zangu, akafungua kabati, na ndani ya wiki tatu yule baba akawa hana kazi. Alipokuja kuniaga hakunilaumu sana. Aliniuliza tu, "Dada, miezi yote hiyo, kwa nini hukuniambia?" Nilikuwa na jibu, lakini nilisita kulisema. Sikumwambia kwa sababu nilikuwa naogopa kuona uso wake ukibadilika. Ile niliyoiita huruma, nusu yake ilikuwa ni kujihurumia.

Jichunguze kama na kwako imo. Ikiwa haimo, vizuri.

Kuhusu kufoka, sitakutangulizia hotuba ya adabu, nitakupa jambo lililopimwa. Miaka ya 1990 mtafiti wa Kimarekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya kuwapa wagonjwa dawa katika wodi za hospitali za kwao. Alitarajia wodi zenye timu nzuri ziwe na makosa machache. Hesabu ikamjia kinyume, wodi nzuri zilionekana na makosa mengi zaidi. Alipochimba akaona kuwa tofauti kubwa ilikuwa kwenye kuyasema: penye timu nzuri watu walikuwa wanayataja makosa yao, kwingine waliyafunika. Sasa rudi chumbani kwako. Mtu akichanganya trei baada ya siku ile ya kilio, atanyoosha mkono aseme, "Dada, hii nimeiharibu, tuirudie"? Ataisukuma chini ya nyingine, na itakutokea mwishoni, kwa watu wa ubora. Ukali wa namna ile unashusha ubora hata kama unaonekana kuulinda.

Basi ufanye nini? Anza na msamaha, na kwa kuwa uliharibu mbele ya watu, utengeneze mbele ya watu. Asubuhi kabla ya kazi, maneno mawili matatu, usimwage machozi wala usieleze meneja alikwambia nini. "Siku ile nilimfokea mwenzetu hapa. Nilikosea, namwomba radhi, na ninyi mliosikia naomba radhi. Kazi inayotakiwa ni ileile, namna ya kuisema nitabadilisha." Umeona? Unaomba radhi kwa kufoka. Kwa kutaka korosho safi huombi radhi.

Halafu yeye umwite peke yake. Usimwite siku ya malipo, wala kibandani mnapokunywa chai. Na usimfanyie mazungumzo hayo ukienda Ligula kumwona mgonjwa. Kule unakwenda na uji na pole, kama jirani, ukae, uondoke. Ukichanganya, hata pole yako ataiona ni ukaguzi.

Maneno yenyewe hayana ufundi mwingi. Mimi ningesema hivi: "Dada, la kwanza, nimekukosea, hilo umeshalisikia. La pili ni trei zako. Tangu shemeji alazwe vipande vinaingia kwenye nzima. Mimi nimekuwa nazirudia jioni bila kukwambia, na hapo pia nilikukosea. Wewe ndiye uliyenifundisha kutenga W240 na W320 kwa kugusa tu. Najua trei ya mkono wako inavyokuwa, nataka zirudi hivyo. Hebu niambie asubuhi yako inaanzaje, tuone pa kushika."

(Kwa msomaji asiyeijua kazi hii: namba hizo ni hesabu ya korosho nzima katika ratili moja. Namba ikipanda, korosho inakuwa ndogo.)

Ukimaliza, nyamaza. Akilia, mwache alie, mpe kitambaa. Usikimbilie kusema "usijali", kwa sababu neno hilo linafuta kila ulichosema kabla yake, na yeye atatoka akijua kwamba trei hazikuwa jambo kubwa. Usimpekue pia. Ugonjwa wa mume ni wa kwao. Kinachokuhusu ni saa, usingizi na mikono yake.

Kuna sehemu katika maneno yale naomba usiirukie, ile ya "najua trei ya mkono wako inavyokuwa". Watafiti wa Marekani waliwahi kujaribu jambo hili kwa wanafunzi. Insha zilirudishwa na masahihisho. Wengine waliambatishiwa kikaratasi cha mwalimu kwamba anawasahihisha kwa kuwa anatarajia makubwa kwao na anajua wanaweza kuyafikia. Hao walirudia insha zao kwa wingi zaidi, hasa watoto Weusi, ambao wana sababu nyingi za kutomwamini mwalimu. Ni watoto, si wachambuaji wa korosho, na walikuwa wachache. Lakini nimeliona likifanya kazi kwa watu wazima pia. Kosa likitajwa peke yake, mtu husikia "umekwisha". Likitajwa pamoja na imani yenye ushahidi, husikia kazi iliyo mbele yake. Nasema yenye ushahidi, kwa sababu sifa za juujuu kila mtu anazitambua.

Mtakapofika kwenye "pa kushika", uwe na vitu mkononi, na ujue kila kimoja kina gharama yake. Unaweza kumruhusu aingie saa tatu badala ya saa moja na nusu, apeleke uji hospitali kwanza, afidie jioni. Hilo ni rahisi, ila kama anakaa mbali, Mikindani au Naliendele, jioni nayo ni usafiri na giza. Unaweza kumtoa kwenye kuchambua ukampeleka kwenye kupima na kufungasha. Kuchambua ni kazi ya macho, na mtu asiyelala macho yake hayatengi chochote. Lakini kama mnalipwa kwa kilo, ulizia kwanza atapoteza kiasi gani, usije ukamsaidia kwa kumkata chakula. Unaweza pia kumpunguzia kilo abaki na ubora uleule. Mimi ningeanza na kumhamisha meza kwa wiki mbili, pamoja na saa ya kuingia, kama mshahara wake hautikisiki. Ukitikisika, ningepunguza kilo. Vyovyote mtakavyochagua, mtaje siku ya kuketi tena, na uiandike. Nafuu isiyo na tarehe hugeuka haki, na siku ya kuiondoa utaonekana mkatili upya.

Usimwahidi likizo usiyoijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku zisizopungua 4 za malipo mtoto wa mfanyakazi akiugua au akifariki, na mfanyakazi akifiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa. Mume aliyelazwa hayumo kwenye orodha hiyo. Likizo ya mwaka ya siku 28 ipo, na mwajiri mwenye busara anaweza kuiruhusu mapema. Kama yeye ni kibarua wa msimu, mambo ni mengine, angalia mkataba wake unasemaje. Haya muulize afisa utumishi kabla ya kikao, usiyaulize baada yake.

Tuje kwa somo yako, yule mama aliyekucheza unyago. Nimecheka nilipofika hapo, nisamehe, maana mimi pia nina wangu, na mpaka leo akinitazama najikuta nimeinamisha kichwa. Mtu aliyekuweka ndani akakufundisha heshima, leo wewe ndiye unayeshika daftari lake la mahudhurio. Hata yeye hajui aisimamie vipi hali hiyo. Kicheko chake ni njia ya kuvuka aibu, yake na yako.

Lakini kabla ya kumwona mkaidi, nijibu: ana umri gani? Umesema mtu mzima. Kumenya ngozi nyembamba ya korosho na kutenga madaraja ni kazi ya macho ya karibu, na macho ya karibu kwa watu wengi huanza kuchoka baada ya miaka arobaini. Mtu hujua haoni vizuri na hasemi, hasa mbele ya mabinti aliowacheza. Anapunguza mwendo, anapiga soga, anatania. Nimekutana na hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa mafundi cherehani, kwa makarani, kwa walimu. Mpe trei karibu na dirisha siku mbili, uone. Ikiwa anaisogeza mbali ili aitazame, umepata jibu, na dawa yake ni kupimwa macho na kununua miwani ya kusomea.

Kama macho ni mazima, basi nenda kwake. Usimwite ofisini, mwende wewe, nyumbani au njiani mkirudi, na shikamoo yako kamili. "Somo, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkubwa asiyejiheshimu hushusha wadogo. Ninakuja kwako kabla ya wengine kwa sababu hiyo. Pale mezani ukicheka ninapotaja makosa, wadogo wanajifunza kwamba makosa ni mchezo. Naomba unishike mkono." Kisha mpe kazi inayolingana na ukungwi wake. Wasichana wapya wanaovunja korosho, akae nao. Kilo zake uzihesabu kama za wengine. Mcheza kwao hutunzwa, ni kweli, lakini trei haina kwao.

Na wewe acha kumtania mbele ya watu ili kupunguza makali. Sisi wa kusini tunapenda kupitisha ukweli kwenye utani, na kati ya watani ni kitu kizuri. Ila utani wa mtu anayeweza kukukata siku yako ya malipo unauma kuliko karipio, kwa sababu aliyetaniwa hawezi kurudisha.

Kwa chumba kizima, useme machache. Hawana haki ya kujua ya mume wa mtu, japo wote wanayajua. "Mwenzetu tumembadilishia saa na meza mpaka tarehe fulani. Kipimo cha korosho ni kilekile kwake na kwangu. Na wewe ukikwama kesho, utakuja tutaketi hivihivi." Sentensi ya mwisho ndiyo watakayoikumbuka, na watakupima nayo. Siku msichana asiyependwa na watu atakapokuja na shida yake, umpe kilekile ulichompa rafiki yako.

Kwa meneja nenda na karatasi. Wiki mbili andika kila trei iliyorudishwa: ya nani, saa ngapi, kasoro gani. Akisema una moyo laini usibishane kuhusu moyo, muoneshe karatasi. Nayo huenda ikakushangaza. Vipande vingine havitokani na mikono ya wanawake wako kabisa. Korosho isiyochemshwa vizuri huvunjika wakati wa kubanguliwa, na iliyokaushwa kupita kiasi huvunjika ikimenywa. Kama tatizo linaanzia huko nyuma, kumbana mchambuaji ni kumwonea. Anayedai kazi nzuri lazima akubali kuulizwa: umetupa nini cha kuifanyia? Taa za chumba zikoje? Viti je? Wewe uliyekaa pale miaka sita unayajua hayo kuliko meneja, na ukiyasema kwa takwimu atakusikia kuliko ukiyasema kwa malalamiko.

Yapo ambayo mimi wa maandishi siyawezi. Ikipita wiki nne, umesema wazi, umesaidia, mmeketi tena, na trei bado ni zilezile, basi jambo limetoka mikononi mwako. Mpelekee afisa utumishi na kumbukumbu zako. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka mfanyakazi ambaye kazi yake haitoshi aelezwe, asaidiwe, apewe muda wa kujirekebisha kabla ya kufikiria kumwachisha. Mtu asikwambie umfukuze kwa mdomo pale mlangoni. Anayeachishwa isivyo haki ana siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wewe ndiye utakayeulizwa ulimwambia nini na lini.

Yule dada akikwambia haoni sababu ya kuamka, au umwone hali, halali na anaongea kama mtu anayeaga, hapo acha habari ya trei kabisa. Mpeleke mwenyewe hospitali aonane na daktari. Kwa gharama za mgonjwa zinazomlemea, hospitali ya rufaa ina afisa ustawi wa jamii. Wengi hawajui kwamba wanaweza kugonga mlango huo. Na hilo la kutolala linakuhusu wewe pia. Uliandika barua hii saa nane usiku, nimeona.

Bado zile trei. Kesho usibaki. Trei yenye kasoro iache mezani kwa mwenyewe, na asubuhi, kabla hajafunga kanga yake kiunoni, vuta kiti ukae karibu naye mkairudie wawili, ile ya kwanza tu. Zinazofuata atazimaliza mwenyewe.